Sahani Ifuate Jembe: Mwongozo wa Uzito, Mlo na Nguvu za Mwili kwa Mkulima

Wengi wanaamini mkulima hanenepi. Anaamka alfajiri, anashinda juani, jasho linamchuruzika, kitambi kitatoka wapi? Kisha unakutana na mkulima wa miaka hamsini, viganja vimekuwa vigumu kama soli ya kiatu, lakini mkanda umeshahama matundu matatu na presha iko juu. Yeye mwenyewe ndiye anayeshangaa kuliko wote. "Mimi nafanya kazi kila siku," anasema, na hasemi uongo.

Jibu liko kwenye kalenda. Kazi ya shamba haiji sawasawa mwaka mzima. Kuna wiki za kulima na kupalilia ambapo mwili unateketeza chakula kama tanuri, na kuna miezi ambapo kazi kubwa ni kukagua shamba, kukaa juu ya trekta au kulinda mazao ghalani. Tumbo halina habari na mabadiliko hayo. Lilizoea sahani ya msimu wa jembe, nalo linaidai sahani ileile hata jembe likiwa limetundikwa ukutani. Wengine yanawakuta kinyume chake: wanakonda wakati wa palizi, kwa sababu kazi imepamba moto ilhali ghala limebaki na vumbi. Huyu anayenenepa na yule anayekonda wana tatizo moja, chakula na kazi vimepishana njiani. Hatua zifuatazo ni za kuvikutanisha.

Hatua ya 1: Jipime kwa kamba

Huhitaji mizani ili kuanza. Chukua kamba nyembamba isiyovutika, ya katani au uzi mnene wa kufungia magunia. Simama bila viatu, kisigino kikanyage ncha moja, na mtu mwingine aivute kamba mpaka utosini. Ikate hapo. Sasa una kamba yenye urefu wako kamili. Ikunje katikati, ncha zikutane, halafu uizungushe kamba hiyo iliyokunjwa kiunoni, karibu na kitovu, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Pumua nje kawaida, usibane tumbo.

Ikizunguka na ncha zikakutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hapo uko pazuri. Ncha zikishindwa kukutana, mafuta yamejikusanya tumboni, na mafuta ya hapo ndiyo yanayoandamana na kisukari, presha na maradhi ya moyo. Kipimo hiki hakimhusu mama mjamzito.

Naipenda kamba kuliko mizani kwa sababu moja: mkulima ana misuli. Hesabu ya kugawanya kilo kwa urefu, ile ya BMI, haitofautishi nyama na mafuta. Hata hivyo ifahamu. Zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huohuo, kisha gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Mtu wa kilo 62 mwenye urefu wa mita 1.70 anagawanya 62 kwa 2.89, anapata 21.5. Kwa watu wazima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 25 kwenda juu ni uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Kwa anayekonda hesabu hii ina faida zaidi kuliko kamba, maana kamba haisemi lolote juu ya upungufu.

Andika tarehe na matokeo kwenye daftari lilelile unaloandikia siku za kupanda na za mavuno. Rudia kila mwezi.

Hatua ya 2: Andika kazi halisi ya kila mwezi

Chora mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila mwezi. Andika saa ulizofanya kazi ya mikono kwa siku ya kawaida ya mwezi huo, na ni kazi gani. Uwe mkweli. "Nilikuwa shambani" si kazi. Kulima, kupalilia, kubeba, kukata na kuchimba ndizo kazi.

Tofauti utakayoiona ni kubwa. Kulima kwa jembe kunatumia nguvu takriban mara tano ya mwili uliopumzika. Kuendesha trekta ni kama mara mbili na nusu hadi tatu tu. Kwa mtu wa kilo 70, saa moja ya jembe ni karibu kilokalori 350 (kilokalori ni kipimo cha nguvu ya chakula), na saa moja ya trekta ni kama 200 tu. Zidisha kwa saa tano za kazi, uone pengo lilivyo, na hapo wote wawili wanarudi nyumbani wamechoka, wamejaa vumbi, wana njaa. Uchovu wa jua, wa kelele na wa kutikiswa kwenye kiti unafanana sana na uchovu wa misuli. Hapo ndipo sahani inapomdanganya mtu.

Kuna mfano ninaoukumbuka kila ninapoongea na wenye matrekta. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu wazima 98 wa jamii ya Waamish huko Ontario, Kanada, wakulima walioshikilia njia za zamani za kazi na hawaendeshi magari. Walivaa kifaa cha kuhesabu hatua kwa wiki moja. Wanaume walitembea wastani wa hatua 18,425 kwa siku, wanawake 14,196. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyekutwa na unene wa kupindukia, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 9. Wala si watu wa kujinyima: mezani kwao kuna nyama, viazi, mayai, mkate na keki. Kazi ya mikono ndiyo iliyokuwa ikiubeba mlo huo. Simwambii mtu auze trekta. Ninachosema ni kwamba ukibadilisha zana, mlo nao ubadilike.

Hatua ya 3: Panga sahani mbili, ya msimu na ya mapumziko

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tuende taratibu.

Anza na sahani ya msimu wa jembe. Mtu mzima anayelima kwa mkono siku nzima anahitaji kitu kama kilokalori 3,000, zaidi akiwa mwenye mwili mkubwa. Kilo moja ya nafaka kavu ina karibu 3,500. Basi nusu kilo ya nafaka kwa siku inatoa 1,750. Gramu 150 za maharage au kunde kavu zinaongeza kama 500. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia vinaongeza 240. Kinachobaki kijazwe na mboga, matunda, karanga, maziwa, mayai au samaki, kadiri vinavyopatikana. Kwa nafaka na kunde hizo tu umeshapata protini ya karibu gramu 75, ambayo kwa mtu wa kilo 65 inatosha kulinda misuli isiliwe na kazi.

Sasa fanya hesabu hiyo siku ya mavuno, usiingoje palizi. Ikiwa kwenu siku za kulima na kupalilia ni 60, kila mtu mzima anayeshika jembe anahitaji kilo 30 za nafaka, kilo 9 za kunde na takriban lita 2 za mafuta kwa siku hizo. Tenga hayo, yaandike jina "chakula cha jembe", yahifadhi makavu mahali pasipofikiwa na wadudu, na usiyahesabu unapopanga cha kuuza. Familia nyingi huuza kwa haraka baada ya mavuno, halafu zinaingia kwenye palizi zikiwa na mlo mmoja kwa siku. Mkulima mwenye njaa hupalilia polepole, magugu yanamshinda, na mavuno yanayofuata yanapungua. Njaa ya mwaka huu inapanda mbegu ya njaa ya mwaka ujao.

Gawa chakula hicho vizuri ndani ya siku. Usitoke alfajiri na chai tupu ukategemea sahani moja kubwa usiku. Kula kidogo kabla ya kutoka, beba cha kula katikati ya asubuhi, kula mchana kivulini, kisha jioni. Na kabla ya kugusa chakula shambani nawa mikono kwa maji na sabuni, hasa siku ya kunyunyizia dawa. Usibebe chakula kwenye chombo kilichowahi kuwa cha dawa, hata kama umekiosha mara kumi.

Niseme jambo moja linaloniuma. Nyumba nyingi anayeshinda na jembe ndiye huyohuyo anayechota maji, anayetafuta kuni, anayepika, na ndiye anayejipakulia mwisho. Ikiwa mama huyo ananyonyesha, mwili wake unadai kama kilokalori 500 zaidi kwa siku. Pakueni chake kwanza, kabla sufuria haijafika chini.

Sahani ya mapumziko ni hii: kazi ya mikono ikikoma, punguza chakula cha wanga kwa theluthi moja. Ile nusu kilo ya nafaka inakuwa gramu 330 hivi. Umeshaondoa karibu kilokalori 600 bila kugusa kunde, mboga wala kitoweo. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye sahani ijazwe na mboga, ili jicho na tumbo visione upungufu. Usipunguze kunde, samaki wala mayai; misuli inahitaji protini hata ukiwa umepumzika, na ukiinyima utaanza msimu unaofuata ukiwa dhaifu.

Siku ya kubadilisha sahani ndiyo watu wanayoisahau. Mimi hushauri ifungwe na tukio: siku jembe linapooshwa na kutundikwa, kipimo cha kupakulia kinabadilishwa siku hiyohiyo. Ukisubiri mkanda ukubane, umechelewa miezi miwili. Ziada ya kilokalori 300 tu kwa siku, kwa hesabu ya karatasi, inafikia kilo moja ya mafuta ndani ya siku 26.

Hatua ya 4: Tazama unachokunywa

Kwenye joto, kunywa glasi ya maji ya kama mililita 240 kila baada ya dakika 15 hadi 20, hata kabla ya kiu. Usizidishe lita 1.4 kwa saa, kwani maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu na yanaweza kudhuru. Mkojo wa njano nzito ni dalili kwamba unakunywa kidogo.

Soda ya nusu lita ina sukari takriban gramu 53, sawa na vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isivuke asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na kwa mtu wa kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Chupa moja imemaliza yote. Chai ya vijiko vinne mara tatu kwa siku nayo inafika hukohuko kimyakimya. Pombe ina kilokalori 7 kwa kila gramu ya kilevi, karibu sawa na mafuta, na huongezeka mezani hasa baada ya mavuno, kipindi ambacho mwili hauna kazi ya kuichoma.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kutoka jasho si ruhusa ya kuongeza chumvi mezani. Anayekula milo yake kamili huipata ya kutosha.

Hatua ya 5: Fundisha mwili kile ambacho jembe halifundishi

Watu wazima wanashauriwa kufanya mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli. Wakati wa kulima umeshavuka kiwango hicho ndani ya siku moja au mbili. Usiongeze mazoezi juu yake. Unachohitaji hapo ni usingizi.

Lakini jembe linafanya kazi kwa upendeleo. Linainamisha mgongo mbele maelfu ya mara na halikurudishi nyuma hata mara moja. Linatumia upande mmoja wa mwili kuliko mwingine. Ndiyo maana unaona mtu mwenye nguvu za kulima kutwa nzima, lakini akisimama wima anashika kiuno na kukunja uso.

Kila jioni ya msimu, dakika kumi tu. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini. Inua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani, kaza makalio, hesabu mpaka tano, shuka taratibu. Fanya mara kumi. Kisha lala kifudifudi, viwiko chini ya mabega, inua kifua huku nyonga zikibaki chini, na pumua ndani na nje mara tano. Mwisho piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma nyonga mbele mpaka uhisi kuvutika sehemu ya mbele ya paja la nyuma. Hesabu thelathini, badilisha mguu. Shambani kwenyewe, badilisha mkono unaotangulia kwenye mpini kila mstari. Siku tatu za mwanzo utalima vibaya kwa mkono usiouzoea. Vumilia.

Miezi ya mapumziko tembea kwa haraka dakika 30, siku tano za wiki, kasi ya kuweza kuongea lakini si kuimba. Siku mbili kati ya hizo ongeza kuchuchumaa na kuinuka, na kusukuma mwili kutoka chini kwa mikono, seti tatu za mara kumi. Dereva wa trekta afanye hivi mwaka mzima, na ashuke kila baada ya saa moja atembee dakika tano.

Hatua ya 6: Mizigo na magoti

Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani, wakikadiria mzigo wa kuinua kwa mikono katika hali nzuri kabisa, karibu na mwili na bila kujipinda, wanaanzia kilo 23. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kama kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima. Gunia lililojaa mara nyingi linavuka namba zote mbili. Gawa gunia katika mifuko midogo. Tumia toroli au mkokoteni. Pasipo na hivyo, bebeni wawili. Hakuna ushujaa katika kuumia pingili za mgongo. Ukiumia unapoteza msimu mzima.

Wakulima wa muda mrefu wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kulika kwa maungio ya nyonga kuliko watu wengi wa kazi nyingine. Kwa wenye uzito uliozidi na magoti yanayouma, utafiti ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Ukipunguza kilo tano, kila hatua kwenye tuta ina nafuu ya kilo ishirini.

Hatua ya 7: Kupunguza, kuongeza, na kujua pale ambapo si chakula

Anayetaka kupungua alenge nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na afanye hivyo miezi ya mapumziko. Kujinyima katikati ya palizi ni kujitafutia kizunguzungu na ajali ya panga. Anayetaka kuongezeka aongeze mafuta ya kupikia na karanga kwenye mlo uleule, maana sahani yake haihitaji kuwa kubwa zaidi, inahitaji kuwa nzito zaidi.

Lakini kuna kukonda na kuchoka ambako sahani haitibu. Ukipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, yaani kilo 3 na zaidi kwa mtu wa kilo 60, nenda kituo cha afya. Kifua kikuu, kisukari na Virusi vya UKIMWI huweza kuanza hivyo. Ukihema kwa kazi ndogo, viganja na ndani ya kope vikiwa vyeupe, pima damu na choo: minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu inayokanyaga udongo wenye kinyesi, hunyonya damu polepole, na humfanya mtu aonekane mvivu wakati amepungukiwa damu. Vaa viatu shambani, jenga choo. Na kuanzia miaka arobaini pima presha angalau mara moja kwa mwaka. 140 kwa 90 au zaidi, ikirudia siku tofauti, inahitaji daktari.

Hatua ya 8: Kurudi kwenye jembe

Wiki mbili kabla ya kulima, anza kuuamsha mwili. Tembea ukiwa na mzigo mwepesi, lima robo saa asubuhi na robo saa jioni. Mwili unahitaji takriban siku 7 hadi 14 kuzoea upya joto la kazi. Msimu ukianza kwenye jua kali, siku ya kwanza fanya nusu ya kazi ya kawaida, ya pili asilimia 60, ya tatu asilimia 80, na ya nne kazi kamili. Mgeni wa kazi hiyo aanze na sehemu moja ya tano, aongeze sehemu kama hiyo kila siku. Jioni ya ile siku ya kazi kamili, toa chakula cha jembe ulichokitenga, na urudishe kipimo kikubwa cha kupakulia.